Kilichopakiwa Kwanza

Mimi hujua vita vinakuja kabla redio haijasema. Si kwamba nina akili ya siasa, na ramani ukinipa nitaishika kichwa chini miguu juu. Ila ni fundi wa nguo hapa Kitengela, kibanda changu kiko kwenye njia ambayo wanajeshi hupita wakienda makwao, na miaka imenifundisha kwamba mwanajeshi ambaye haendi popote huleta suruali ipunguzwe kiuno au iongezwe, kutegemea anakula kwa nani. Yule anayeenda vitani huleta suruali iwekwe mfuko wa ndani.

Mfuko wenyewe ni mdogo, unatosha kiganja, na hushonwa kwa ndani juu ya paja mahali ambapo mkono hufika bila kutafuta. Magwanda ya serikali hayana mfuko huo. Sijui nani aliuanzisha, nilikuta tu wanauomba. Kila mtu ana chake cha kutia humo, nami huwa siulizi, lakini fundi lazima apime. Nimepima rozari, nimepima picha ya mtoto mchanga, nimepima kipande cha leso kilichokatwa pembeni. Mmoja alitaka mfuko utoshe kijiwe cha kwao nyumbani. Akija mmoja leo na mwingine wiki ijayo, hiyo ni kazi ya kawaida. Wakianza kufuatana kama watu wa foleni ya maji, mimi hunyamaza na kwenda kununua uzi wa kijani.

Mwaka huo walifuatana. Na mmoja wao alikuwa mume wangu.

Yeye ni sajenti wa siku nyingi, wa wale ambao bunduki yao inazeeka kwa kupakwa mafuta kuliko kwa kupigwa. Kazi yake ni kupanga mizigo. Kikosi kikienda vitani, maji, dawa, risasi, hema, mafuta na sufuria lazima viingie kwenye malori kwa utaratibu, na utaratibu huo ndio yeye. Watu hudhani vita ni bunduki, yeye husema vita ni lori. Ana sentensi moja ambayo nimeisikia tangu siku za uchumba: kinachohitajika kwanza hupakiwa mwisho. Lori hufunguliwa nyuma, husema, kwa hiyo machela ikiwa chini ya magunia ya mchele, mtu atakufa wakati nyinyi mnashusha mchele.

Sentensi hiyo imeingia kila mahali. Tulipohama kutoka nyumba ya kupanga kuja kwenye ploti yetu, alipakia pikapu yeye mwenyewe, jiko na sufuria mwisho kabisa, na kweli tulikunywa chai kabla makochi hayajashuka. Chai hiyo ilikuwa tamu, siwezi kudanganya. Lakini alipotaka kupanga na kabati langu la jikoni kwa sheria za msafara, nilimwambia jikoni si lori, atoke. Akatoka akicheka. Nafikiri nilimtoa mara nyingi sana, miaka ile, na kila mara alitoka akicheka.

Siku aliyoleta suruali yake kibandani hakuomba mfuko. Mfuko nilikuwa nimemshonea kabla ya safari zake mbili za kwanza vitani, na alikwenda na kurudi nao. Aliweka suruali kwenye cherehani, akaonyesha goti la kulia.

"Si uniwekee hapa sponji kidogo, kwa ndani. Isionekane."

"Kwani goti ni mbaya hivyo?"

"Ni baridi tu ya asubuhi."

Baridi ya asubuhi haihitaji sponji. Nililijua lile goti. Usiku lilikuwa likivimba, na akipiga magoti kanisani aliinuka kwa kushika benchi la mbele. Na nilijua pia, kama kila mke wa mwanajeshi ajuavyo, kwamba daktari wao huwapima kabla hawajapangwa kwenda, na mtu mwenye goti kama hilo huachwa kambini kuhesabu mablanketi. Alikuwa ameniambia kwenda kwake ni amri. Nikashika suruali, nikaitazama pale alipoonyesha, na hasira ikanipanda polepole kama maji ya mtungi.

Baadaye alikuja koplo mmoja wa kikosi chake kuchukua suruali yake, kijana mwenye mdomo mwepesi, nikamwuliza kwa kuzunguka kama mzee wangu si amechoka kwa safari hizi. "Mama, yeye alikuwa ameachwa," akasema. "Ni yeye alienda kuomba. Alisema hawezi acha watu wengine wapange lori zake." Alisema kwa sifa. Nikampa suruali yake na chenji, nikaitundika ya mume wangu kwenye msumari nyuma ya mlango, bila sponji, bila hata alama ya chaki. Niliwaandaa waume wa watu wote wa Kitengela mwaka huo. Wa kwangu niliapa sitamwandaa.

Kisha mama mkwe akaja kutoka Entarara. Huko wana shamba, karibu na Loitokitok, ingawa asili yao ni Ukambani, na yeye haji mikono mitupu: kitunguu, maharagwe, nyanya zilizosafiri vizuri kuliko abiria. Ni mtu wa kanisa, mwimbaji, na akianza kuomba chakula hupoa. Lakini kabla ya mtoto wake kwenda safari ya hatari kuna jambo analolifanya ambalo halimo katika kitabu cha nyimbo. Hupiga funda la maji, akayarushia kifuani mwa mwanawe mara moja, phuu, na kumtaja Ngai, Mungu wa wazee wao. Alifanya hivyo asubuhi ya kuondoka, mlangoni, majirani wa kanisa wakiwa wamejaa uani, wameshiba chapati zangu. Na baada ya maji kuna sharti. Katika ukoo wao, aliyeagwa hivyo hakanyagi tena kizingiti wala ua wa nyumba yake mpaka safari iishe. Akirudi katikati, baraka hubaki mlangoni na yeye huenda mtupu.

Mimi natoka magharibi, kwetu tuna mambo yetu, kwa hiyo sikucheka. Nililia siku hiyo. Nililia kwa hasira na kwa mapenzi pamoja, huwezi kuvitenganisha, na alipopanda gari niliona bado shati lake lina maji kifuani.

Siku chache baadaye, saa za mchana, nikasikia mtu kwenye geti.

Mama mkwe alikuwa bado hajaondoka. Alikuwa uani anapepeta maharagwe. Mume wangu alikuwa amesimama nje ya geti na lile begi lake kubwa la turubai mgongoni, ufunguo tayari mkononi, anatabasamu kama mtu aliyeleta nyama.

"Simama hapo hapo," mama akasema.

"Mama, ni mimi."

"Nakuona ni wewe. Safari imeisha?"

"Imeahirishwa. Wametupatia pasi ya kutoka kidogo, tuko standibai, tunangoja kuitwa."

"Sijauliza kama imeahirishwa. Imeisha?"

Mtu anayeamrisha malori, ana mvi, amesimama kwenye jua la Kitengela nje ya geti alilonunua kwa jasho lake, na hawezi kumjibu mama yake. Binti yetu mdogo alikimbia akamkumbatia hapo hapo nje. Mimi nilisimama kwenye mlango wa jikoni na mikono yenye sabuni. Alinitazama nami nikamtazama, na akangoja niseme kitu.

Sikusema. Kama ningesema ingia, angeingia, najua. Sikuamini yale maji. Lakini pia sikuthubutu. Kama kitu kingempata huko mbele, mtu wa kwanza kuulizwa angekuwa mimi, na mtu wa kwanza kuniuliza angekuwa mimi mwenyewe. Akarudisha ufunguo mfukoni, akainua mkono kuniaga tena, akaondoka akichechemea kidogo upande wa kulia. Nilimtuma binti amkimbilie na ufunguo wa kibanda.

Ndivyo mume wangu alivyohamia kwenye meza yangu ya kukatia nguo.

Ni meza ndefu, ya mbao nzito, na kwa mtu aliyezoea kulala kwenye ardhi ni kitanda cha bwana. Asubuhi nikifika nilimkuta ameshafagia, blanketi limekunjwa pembe nne, begi limesimama ukutani limepakiwa upya. Alikuwa akilipakia upya kila mara, hata kama hakuna alichokitoa. Mama wa Kimaasai auzaye maziwa nje ya kibanda alikuwa akimpa kikombe kabla mimi sijafika. Siku ya kwanza aliniita pembeni. "Takwenya," akanisalimia, nami nikaitika "Iko" kama ninavyojua, kisha akauliza, "Huyu mzee umefukuza?"

"Sijamfukuza."

"Lakini analala kwa duka."

"Ni mambo ya mama yake."

Alitikisa kichwa na herini zake zote zikatikisika. Wauza mitumba wa upande wa pili hawakuuliza chochote, na hilo ni baya zaidi. Mmoja alisema tu kwa sauti ya kutosha kwamba akufukuzaye hakwambii toka.

Nilidhani ni mambo ya siku mbili. Ikawa safari inaitwa, inarudi. Simu ililia, akavaa buti, akaenda kambini, tukajua sasa ndiyo hiyo, kisha baada ya muda ningemkuta tena kwenye benchi ya wateja na masikio yamejaa vumbi. Walipelekwa chini kule baada ya Kona Baridi, ambako joto linafanana na la huko waendako, wakapakia na kushusha, wakapakia na kushusha. Walipelekwa nyuma ya Bisil wakafanya hivyo hivyo, na wachungaji wakapitisha mbuzi katikati ya msafara bila hata kuangalia pembeni, wakielekea sokoni. Alinisimulia hayo akicheka. Alipenda. Hilo ndilo lililonichoma, kwamba alikuwa mchovu, goti limevimba, analala kwenye mbao, na bado macho yake yalikuwa na mwanga ambao nyumbani sikuwa nimeuona kwa miaka.

Kuwa tayari kunachosha kuliko kwenda. Anayekwenda amekwenda, unamlia, unapanga maisha. Lakini aliye tayari unamuaga mara ngapi? Mara ya pili ilipoitwa, kanisa lilituma kina mama wakaomba pale kibandani, maombi mafupi, hakuna chapati, mmoja akashika kitambaa akauliza bei. Mara iliyofuata mke wa mchungaji alipita juu ya pikipiki akapaza sauti, "Tunawaombea!" na pikipiki haikupunguza mwendo. Na mimi, mke mwenyewe? Mara ya pili niliyatafuta machozi nikayapata kwa shida. Iliyofuata nilikuwa nampima mteja bega, nina pini mdomoni, akasema basi ameitwa, nikamwambia "haya, nenda salama" kwa kona ya mdomo ili pini zisianguke. Alipotoka mteja akaniuliza, huyo alikuwa nani. Nikamwambia, mume wangu, anaenda vitani. Alifikiri nafanya mzaha. Wanasema subira huvuta heri. Yangu ilikuwa imevuta kila kitu, heri tu ndiyo iliyokuwa haijatokea.

Na suruali bado ilikuwa msumarini. Aliiona kila siku, kwa sababu alilala akiitazama. Hakuigusa wala hakuniuliza. Mwishowe, adhuhuri moja ambayo hakukuwa na wateja, nikiwa nashona pindo naye ananishikia kitambaa upande wa pili, akasema kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Na ile suruali?"

"Sishoni."

"Kwa nini?"

"Uliambiwa uende, ama uliomba?"

Nikaendelea kukanyaga cherehani. "Nani amekuambia?" akauliza.

"Suruali imeniambia. Mtu wa goti kama hilo hapangwi. Umri wako hupangwi. Umebakisha kidogo tu utoke jeshi, urudi nyumbani na mguu wako na kichwa chako, na wewe unaenda kupiga magoti uombe wakupeleke. Na hayo magoti yenyewe huna!"

Nilikuwa nimesimamisha cherehani na nilikuwa napiga kelele. Mama wa maziwa alisogeza kiti chake karibu, Mungu ambariki, hakutaka kupitwa. Mume wangu alishika kile kitambaa kwa mikono miwili akakilaza mezani, akakinyoosha mikunjo, polepole.

"Wewe unajua nyumbani chumvi iko wapi?" akaniuliza.

"Nisijue aje?"

"Mimi sijui. Nikirudi nauliza. Nauliza chumvi, nauliza taulo, nauliza mtoto anaamka saa ngapi. Nikipanga kitu, mnapangua nikienda. Si makosa yenu, mimi sikuwa. Lakini kule, mama watoto, usiku bila taa, niulize chochote, naenda nakishika. Kwa sababu ni mimi nimepakia. Hapa ni wewe umepakia."

Nilimkumbuka akitoka jikoni kwangu akicheka. Nikasema tu, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Pasi iko hapo, nisaidie kunyoosha." Akawasha pasi akanyoosha mashati ya watu mpaka jioni, vizuri sana, kola kama karatasi. Suruali ikabaki msumarini. Nilikuwa nimemsikia, lakini kusikia si kukubali.

Halafu vita vikaisha kwa upande wetu kabla havijaanza. Waliitwa gwarideni wakaambiwa kikosi kingine ndicho kitakachokwenda, nyinyi mnabaki, kazi nzuri, tawanyikeni. Alikuja kibandani mchana wa jua kali, akaketi kwenye benchi ya wateja, akavua kofia akaiweka juu ya goti bovu. Nilifurahi. Nilitaka kupiga vigelegele. Kisha nikaona uso wake nikaenda kumnunulia soda.

Wiki hiyo wanajeshi walirudi kibandani wakitaka mifuko ifumuliwe, kwa sababu suruali ya gwaride haitakiwi kuwa na mshono usiojulikana. Kufumua ni kazi mbaya kuliko kushona, macho huuma na hakuna cha kuonyesha. Yule koplo alifika na suruali yake, akafikiri, akaikunja tena. "Wacha tu," akasema. "Wataita tena."

Nilimpigia simu mama mkwe. Mtandao wa Entarara unasikika vizuri ukisimama kwenye vitunguu, na yeye husema kwa sauti ya kufika Kitengela bila simu. Nilimweleza yote, kwamba safari imefutwa, haikwenda, je, inahesabika imeisha? Nikasikia jogoo wake akiwika. "Mpe simu," akasema. Nikaiweka spika katikati ya meza ya kukatia, mbele ya mume wangu.

"Mwanangu, safari imeisha. Mimi ndiye nilifungua, mimi ndiye nimefunga. Ingia kwako."

"Asante, mama," akasema.

Siku hiyo nilifunga kibanda mapema, nikanunua nyama, nikapika na ugali mkubwa. Binti alitandika meza. Mume wangu alikuwa amesema atakuja nyuma yangu, anamalizia jambo kidogo kambini. Hatukumwona. Kesho yake alisema kulikuwa na ukaguzi wa stoo. Kesho yake tena, goti, njia ni mbali kidogo. Njia yenyewe ni ya kutembea mtu akimaliza muwa mmoja.

"Una ufunguo," nikamwambia.

"Niko nao."

Basi hapo nikajua. Muda wote ule nilikuwa nikimlaumu yule mama wa watu na funda lake la maji, nikimwambia kila anayeuliza kwamba ni mambo ya mama yake. Mama alikuwa ameondoa mkono wake na mtu bado alikuwa nje. Sijawahi kuchoka namna ile. Hata wakati wa uzazi sikuchoka hivyo, kwa sababu uzazi una mwisho unaojulikana.

Kilichovunja mambo ni sare za shule. Shule zilikuwa zinafunguliwa, wazazi wamejaa mlangoni na watoto wao waliorefuka, na fundi bila meza ya kukatia ni sawa na mpishi bila jiko. Nilifika asubuhi na jora la kitambaa cha buluu begani. Mume wangu amekaa ukingoni mwa meza, amenyoa ndevu, begi limesimama.

"Nahitaji meza yangu," nikasema.

Akashuka haraka. "Kata tu. Jioni nitaitengeneza tena."

"Hapana. Naihitaji kabisa. Na hizo nguo zako naenda kufua, zinanuka Bisil."

Nikalibeba begi lake, zito kama mgonjwa, nikaliweka juu ya meza nikalifungua. Alinyoosha mkono kunizuia, kisha akauacha. Begi la vita halijawahi kufunguliwa na mkono wangu, katika ndoa yote ile. Juu kabisa palikuwa na tochi ya kichwani, bandeji, dawa za kusafishia maji. Kinachohitajika kwanza. Chini yake soksi kavu ndani ya mfuko wa plastiki, biskuti ngumu, kijaluba cha sindano na uzi, nikacheka kidogo maana mwenye sindano za mtaa mzima ni mkewe. Chini tena, fulana, koti la mvua, bakuli, sabuni. Nilikuwa nikivipanga mezani safu kwa safu, naye amesimama upande wa pili anaangalia chini. Nilidhani nimemaliza. Nikaingiza mkono hadi kitako cha turubai nikakuta soksi moja iliyofungwa fundo. Nikaifungua.

Ufunguo wa geti.

Nilijua mara moja maana yake, na yeye alijua kwamba nimejua. Huwezi kuishi na sentensi moja miaka yote hiyo halafu usiisome. Kile kilichopakiwa kwanza ndicho mtu anachofikiri atakihitaji mwisho. Alikuwa ameutia chini ya kila kitu, siku ile ile aliyofukuzwa getini labda, na kila alipopakia upya aliurudisha huko huko. Nilikaa kwenye kiti cha cherehani. Nikasema, "Sawa." Sikuwa na sauti ya kupiga kelele.

"Sio hivyo unafikiria," akasema.

"Mimi sifikirii. Ni wewe ulinifundisha."

"Nilikufundisha nusu." Aliokota ile soksi akaikunja. "Lori likigonga, likipinduka, watu wakishambulia, vitu vya juu vyote vinaenda. Unabaki na vya chini. Kile hutaki kabisa kipotee, unapakia kwanza."

Nilimtazama. Miaka yote ya malori na machela na magunia ya mchele, na hiyo nusu ya pili sikuwahi kuisikia. Huenda ni kweli, huenda ndivyo wanavyofundishwa. Huenda aliitunga pale pale, mtu aliyeshikwa, na kama aliitunga basi aliitunga kwa ajili yangu. Sikuwa na nguvu za kuchunguza. Wazazi walikuwa wanagonga mlango.

Niliwaambia warudi mchana. Nikachukua ile suruali kwenye msumari, nikakata kipande cha sponji ya bega iliyobaki kwenye koti la mtu, nikaishona ndani ya goti la kulia, mishono midogo, isionekane. Alisimama akinitazama mpaka nikauma uzi. "Hii ni ya kupiga magoti nyumbani," nikamwambia. "Chumvi iko kwenye mkebe wa bluu, chini ya sinki. Taulo ziko nyuma ya mlango wa chumba cha mtoto. Ukitaka kupangua, pangua."

Nilichukua ufunguo wake nikatangulia. Sikugeuka kuangalia kama ananifuata, nilichoka kuangalia. Nilifungua geti kwa ufunguo ule, ukasumbua kidogo kwa kutozoea, nikaliacha wazi nyuma yangu, nikapita hadi jikoni nikabandika maji ya chai. Maji yalikuwa yameanza kulia niliposikia begi likitua uani. Kisha komeo la geti likavutwa, na lilivutwa kutoka ndani.